PINDO LA MFARISHI

Mazungumzo ya redio, kipindi cha asubuhi
Somo: Mathayo 9:20–22, na Hesabu 15:37–41

Asubuhi ya leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo dogo la sindano na uzi. Baba, usiondoke ukidhani kwamba haya ni mazungumzo ya akina mama peke yao. Keti kidogo. Neno hili ni lako pia.

Mfarishi ni tandiko la kitanda lenye tabaka tatu. Juu kuna vipande vya nguo vilivyounganishwa, katikati kuna pamba au blanketi kuukuu, na chini kuna bitana. Tabaka hizo hushonwa pamoja zisitengane. Wengi wetu huliita blanketi la viraka. Vipande vya juu vikiisha kuunganishwa, huzungushiwa kitambaa kipana pande zote nne. Kitambaa hicho ndicho pindo.

Akina mama wa pwani hawahitaji kufundishwa neno hili. Leso ina mji katikati, ina jina, nayo ina pindo. Husimuliwa kwamba leso za kwanza, katika karne ya 19, zilikuwa vitambaa vidogo vya mkononi sita vilivyoshonwa pamoja, safu mbili za vitatu vitatu, na kwamba jina lenyewe tulilipata kwa Wareno. Basi hata leso ilianza kwa kuunganisha vipande. Na hata leo, mama akiingia dukani Biashara Street kule Mombasa, hatanunua kabla ya kuikunjua leso na kulitazama pindo lake.

Sasa sikilizeni tuliyoyaona wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukihudumu katika parishi moja ya milima ya Taita. Huko mwezi wa Julai ukungu hushuka mpaka mlangoni, na usiku mtu hujikunyata kama kuku wa mvua. Askofu alikuwa anakuja kutoa Kipaimara, na Umoja wa Akina Mama ukakusudia kumpa zawadi ya mfarishi. Kila nyumba ya kanisa ilete kipande kimoja cha nguo. Nyumba zilizoandikwa zilikuwa 48. Vipande 6 kwa upana na 8 kwa urefu ni 48, na kila kipande kikiisha kushonwa kilikuwa inchi 9. Hesabu ilitimia vizuri mno, nasi tulifurahi.

Vipande vikaletwa. Hapa kipande cha kitenge, hapa cha leso ya arusi, hapa cha shati la marehemu baba, hapa cha gauni la ubatizo. Mama mmoja alileta kipande cha sare ya shule ya mwanawe, akasema, “Hii ndiyo iliyotumaliza pesa, basi nayo na iingie kanisani.” Tulicheka sana.

Siku ya kuunganisha, akaja mjane mmoja mzee. Alikuwa amebatizwa na kuthibitishwa katika kanisa lile lile tangu usichana wake, lakini siku hizo alikaa benchi la mwisho, na baraka ikitolewa yeye yuko nje tayari. Sababu ilijulikana. Alikuwa akilea wajukuu wanne, naye alipika pombe na kuiuza ili wale. Mkononi alikuwa na kaniki mpya, mita mbili, haijavaliwa hata siku moja. Ilikuwa nguo mpya pekee aliyoipata mwaka ule. Akasema, “Kateni kipande mnachotaka.”

Mama mmoja akajibu, “Mahali pamejaa, mama. Viraka ni 48, na 48 vimetimia.” Hilo lilikuwa kweli. Lakini mwingine akanong'ona, wala hakunong'ona kwa sauti ndogo, kwamba nguo ya pesa za pombe haiwezi kulala juu ya Askofu.

Nasi tulikuwapo. Tulisikia. Tukamwambia yule mzee, “Mama, rudi nyumbani kwa amani. Mungu ameiona nia yako.” Ndugu msikilizaji, maneno hayo yalikuwa matamu kinywani mwetu, lakini yalikuwa mlango uliofungwa. Akaikunja kaniki yake, akaenda.

Basi ikabaki kazi ya pindo. Akina mama walikuwa wamekwisha kutuma mtu Mombasa, akaleta satini nyekundu inayong'aa. Wakapima pande za mfarishi kwa tepu, wakakata pindo, wakalishona. Walipoutandika mfarishi mezani, pindo lilikuwa limejaa mawimbi kama bahari ya Kusi. Wakavuta huku, likainuka kule.

Palikuwa na fundi mmoja, mama wa makamo aliyeshonea watu nguo sokoni tangu ujana wake. Akauliza, “Mmepima wapi?” Wakasema, “Pembeni, kila upande kwa kipimo chake.” Akacheka. Akachukua tepu, akapima upande wa kushoto, inchi 74. Akapima upande wa kulia, inchi 75. Kisha akapima katikati kabisa, kutoka juu hadi chini, inchi 72. Akasema, “Pembeni nguo huvutwavutwa na mikono wakati wa kushona. Ukipima pembeni utadanganywa. Pima katikati, kata pindo kwa kipimo hicho, kisha ulete pembe zije kwa pindo taratibu, kwa pini. Zitakubali.”

Wakafumua, wakashona upya kwa kipimo cha katikati. Kweli, pindo likalala. Lakini sasa wakaona shida ya pili. Jicho halikuona viraka tena. Shati la marehemu halikuonekana, gauni la ubatizo halikuonekana. Kilichoonekana ni wekundu wa satini peke yake. Wengine wakataka kitambaa cha manjano, wengine cha maua. Wakaleta hiki, wakaleta kile, wakabishana mpaka jua likaelekea kuzama, na mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa akingoja funguo akasema, “Mchagua jembe si mkulima.”

Yule fundi akanyamaza, akatazama huku na huku, halafu akatujia. “Mchungaji, naomba kanzu yako nyeusi.” Tukashangaa, lakini tukaivua. Akaiondoa ile satini, akailaza kanzu yetu kando ya mfarishi, akasema, “Haya, rudini nyuma hatua tano. Fumbeni macho nusu, mtazame.”

Wapendwa, ilikuwa kana kwamba mtu amewasha taa. Kila kiraka kiliamka. Kitenge kikawa kitenge, na ile sare ya shule iliyopauka ikapata rangi yake. Fundi akasema, “Pindo lenu ni hili. Kitambaa kizito, cheusi, kisicho na ua. Pindo halichaguliwi kwa kuwa ni zuri lenyewe. Huchaguliwa kwa kuwa litavifanya vipande vionekane. Tena lisiwe jepesi, kwa sababu pindo ndilo linaloshikwa kila siku na kuburuzwa sakafuni. Ndilo linalokwisha kwanza.”

Mtu mmoja akasema kwa mzaha kwamba hatuwezi kukata kanzu ya Mchungaji. Wakacheka. Kisha kicheko kikafa chenyewe, maana kila mmoja wetu alikuwa amekumbuka kitu kimoja. Mita mbili za kaniki.

Kesho yake tulipanda kwenda kwa yule mjane. Akatupa kigoda, akatupa maji ya kunywa. Tukamweleza habari ya pindo. Akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, “Mchungaji, mwataka kaniki, au mwanitaka mimi?”

Tuliwahi kufanya mitihani mingi katika chuo cha theolojia, lakini hatukupata kuulizwa swali gumu kama hilo. Tungeweza kusema, “Twakutaka wewe, mama.” Lakini isingekuwa kweli, na yeye angejua. Tulikuwa tumekwenda kwa ajili ya kaniki. Tukamwambia hivyo. Akatikisa kichwa, akasema, “Leo umesema kweli. Basi kaniki sitoi.”

Tukashuka mikono mitupu. Tukawaambia akina mama kila neno kama lilivyosemwa. Wakakaa kimya muda mrefu. Kisha akasimama yule aliyenong'ona habari za pesa za pombe, akasema, “Kinywa kilichomfukuza ni changu. Nitakwenda mimi.”

Hatukuwako alipokwenda, wala hatukuuliza waliambiana nini. Twajua tu kwamba alikwenda mara ya kwanza, akaenda na mara ya pili, na mara ya pili alikaa mpaka jioni akimsaidia kuchambua maharagwe. Juma lililofuata akina mama watano walipanda njia ile, mmoja amebeba cherehani kichwani, na mfarishi wakaupeleka huko, kwa sababu mzee hakuweza kuwaacha wajukuu. Kaniki ikafuliwa kwanza mara mbili, maana kaniki mpya huchuja rangi na ingeharibu vipande vyeupe. Kisha yule mjane akashika makasi mwenyewe, akakata pindo kwa kufuata urefu wa nguo, jinsi fundi alivyomwelekeza, kwa sababu nguo haivutiki sana upande huo. Vipande vinne vya upana wa inchi 7. Mita mbili zikatosha.

Na Askofu? Askofu alikuwa amekwisha kuja na kuondoka. Tulimpa mbuzi. Wengine walinung'unika kwamba tumeaibika, lakini twaamini kwamba kanisa letu lilipata Kipaimara chake hasa siku ile ya barazani kwa yule mjane.

Wapendwa, sasa tufungue Maandiko. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 15, Mungu aliwaagiza wana wa Israeli watie vishada katika ncha za mavazi yao, na katika kila kishada uzi wa rangi ya samawi, ili wakiutazama wazikumbuke amri zake. Angalieni mahali alipopachagua. Hakuchagua kifuani, wala begani. Alichagua pembeni, pale nguo inapogusa vumbi na majani ya njiani. Tena katika Mambo ya Walawi, sura ya 19, aliwakataza kuvuna shamba mpaka pembeni kabisa. Pembe za shamba ni za maskini na mgeni. Ruthu Mmoabi aliishi kwa sheria hiyo alipookota masazo katika shamba la Boazi.

Lugha ya Kiebrania ina neno moja, kanafu, ambalo maana yake ni bawa la ndege, tena ni ncha ya vazi. Boazi alimbariki Ruthu kwa kuwa amekuja kujificha chini ya mabawa ya Mungu wa Israeli. Baadaye Ruthu alimwomba Boazi amfunike kwa ncha ya vazi lake, na neno ni lile lile. Pindo la mtu mwema lilikuwa bawa la Mungu kwake.

Kisha twamwona Bwana wetu njiani, na umati umemsonga. Mwanamke mmoja ametokwa na damu miaka 12. Kwa sheria ya wakati ule alihesabiwa najisi. Kila alichokigusa kilitiwa unajisi. Hakuthubutu kuja mbele. Alikuja kwa nyuma, akagusa pindo. Nani alimwambia kwamba pindo latosha? Hatuambiwi. Lakini Yesu aligeuka. Hakumwacha aondoke na uponyaji wa kuiba. Alimtazama, akamwita binti. Mwanamke alitaka pindo tu. Bwana alimtaka yeye. Hilo ndilo jibu la swali la yule mjane, nasi tulishindwa kulitoa.

Basi tujifunze nini?

Kwanza, tusimpime mtu pembeni. Yule mjane tulimpima pale maisha yalipomvuta, ujane, njaa, wajukuu wanne na mtungi wa pombe. Kipimo hicho kilitudanganya, nasi tukapata kanisa lenye mawimbi. Hatusemi kwamba pombe ni njema. Tumezika vijana wengi mno kwa ajili yake, wala hatutainyamazia. Twasema kwamba mtu hupimwa katikati, pale Kristo alipomfia, na pembe zake zilizovutwa zitaletwa taratibu, kwa uvumilivu. Kama fundi alivyosema, zitakubali. Mtauliza kama mjane yule aliacha kupika. Aliacha, akarudia, akaacha tena. Akina mama walimwingiza katika mzunguko wao wa pesa, na zamu yake ilipofika alinunua kuku wa mayai. Tulipohamishwa parishi ile, alikuwa ameacha.

Pili, tuchague tunachokizungusha juu ya watu wetu. Kila nyumba ina pindo. Sauti ya baba jioni ni pindo. Desturi za nyumba ni pindo. Uongozi wa kanisa ni pindo. Je, pindo lako ni satini nyekundu, mpaka watoto hawaonekani, mke haonekani, unaonekana wewe tu? Yohana Mbatizaji alikubali apungue ili Bwana azidi. Mchungaji mwenzetu, mzee wa kanisa, mwalimu wa kwaya, huduma yako na iwe kaniki. Ikionekana kidogo na wale uliowekewa wakaonekana zaidi, umetumika vyema.

Tatu, tukumbuke kwamba pindo ndilo linaloguswa. Wanaotafuta msaada wa kanisa mara nyingi hawaji mbele ya madhabahu. Hugusa pembeni. Humgusa bawabu, humgusa mama anayefagia, humgusa yule anayekaa karibu na mlango. Humgusa Mkristo katika gari la abiria au katika foleni ya maji. Wakigusa hapo wakakuta ukavu, hawatafika katikati. Wewe unayesema, “Mimi ni wa pembeni tu katika kanisa,” jua kwamba mkono unaotetemeka utakufikia wewe kwanza.

Mfarishi ule haukupelekwa kwa Askofu baadaye. Akina mama waliamua uwe wa kila nyumba inayopata mtoto mchanga. Hukaa hapo siku arobaini, hufuliwa, huhamia nyumba nyingine. Mara ya mwisho tulipouona, viraka vilikuwa bado vyapendeza, lakini pindo lilikuwa limepauka na kona moja imetiwa kiraka. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Limekwisha kwanza kwa sababu limeshikwa zaidi.

Leo, kabla jua halijachwa, fikiri ni nani aliyekuja kwako na mita mbili za kaniki ukamwambia mahali pamejaa. Huenda ni ndugu yako wa tumbo moja. Huenda ni binti aliyerudi nyumbani na mtoto, ukamwonyesha jiko akalale huko. Nenda. Usiende kwa sababu umepata haja na kitu chake. Nenda kwa sababu ya yeye mwenyewe. Na akikufukuza mara ya kwanza, nenda mara ya pili, umsaidie kuchambua maharagwe.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu, uliyegeuka njiani kwa ajili ya mkono mmoja ulioogopa, utugeuze na sisi. Utusamehe maneno matamu tuliyowafungia watu mlango. Utupime kwa rehema yako, wala si kwa pembe zetu zilizovutwa. Utushone pamoja, sisi vipande vya rangi nyingi, na utufundishe kukaa pale unapotuweka, hata kama ni pembeni. Wakumbuke wajane wanaolea wajukuu asubuhi hii, uwape chakula chao kwa njia ya haki, na utuonyeshe fungu letu katika kuwasaidia. Twaomba kwa jina lako. Amina.